Nani Kaibana Chati?

Chukua ukurasa wa ripoti wenye menyu upande wa kushoto na chati ya mauzo upande wa kulia. Mtumiaji anabofya kitufe, menyu inajikunja kutoka pikseli 240 hadi 64, na chati inaongezewa nafasi ya pikseli 176. Chati yenyewe haina habari. Inabaki na upana wake wa zamani, ubavuni pake pengo jeupe. Kwa miaka mingi tukio la kutangaza mabadiliko ya ukubwa lilihusu dirisha la kivinjari tu, na hapa dirisha halijaguswa.

Enzi za kurasa zilizoandikwa na mkono mmoja, jambo hili halikukera sana: aliyeandika menyu ndiye aliyeandika chati, akaziunganisha mwenyewe. React na Vue zilipowazoeza watu kujenga kwa komponenti, mambo yakageuka. Komponenti ya chati huandikwa na mtu mmoja, ikapachikwa na mwingine ndani ya safu au kichupo, na haitakiwi kujua jirani yake ni nani. Inachohitaji kujua ni nafasi yake tu, na hicho ndicho ilichonyimwa.

Watu wakapita vichochoroni. Kuna waliopima upana kila baada ya milisekunde kadhaa, kazi inayokula betri hata pale ambapo hakuna kilichobadilika. Kuna walioficha ifremu tupu ndani ya elementi, kwa kuwa ifremu ina dirisha lake, na dirisha hutangaza. Ujanja ulionivutia zaidi ni wa kusogeza: unaweka visanduku viwili visivyoonekana ndani ya elementi, unavisogeza hadi mwisho, kisha unasubiri. Elementi ikipanuka au kusinyaa, kimoja kinalazimika kusogea, tukio la kusogeza linatokea, nawe umeshajua. Maktaba ya element-resize-detector ilitumia ujanja huo. Ulifanya kazi, ila kila elementi iliyochunguzwa ilibebeshwa elementi za bandia ambazo mtu mwingine angeweza kuzifuta bila kujua.

Hatimaye vivinjari vyenyewe vilileta njia ya kuchunguza ukubwa wa elementi: ResizeObserver. Ilifika na Chrome 64 mwaka 2018, Firefox 69 mwaka 2019 na Safari 13.1 mwaka 2020. Wengi huisifu kwa kugundua mabadiliko, lakini naona sifa hiyo imeelekezwa pasipo. Kivinjari ndicho kinachopanga ukurasa. Vipimo vyote kinavyo. Kazi ngumu ni kumpa mwandishi taarifa hizo bila kuanzisha mzunguko usioisha.

Tuseme chati yetu inalinda uwiano wa upana na kimo. Ikipewa upana wote, kimo chake kinazidi nafasi iliyopo, mwambaa wa kusogeza unajitokeza na kumega pikseli kumi na kitu za upana. Chati inajichora upya ikiwa ndogo, sasa inaenea, mwambaa unatoweka. Upana umerudi, na tunaanza tena. Kama taarifa zingetolewa papo hapo bila kikomo, ukurasa ungeganda.

Waliobuni kanuni za ResizeObserver walichagua mahali na mpaka. Mahali: taarifa hutolewa baada ya mpangilio kukokotolewa na kabla ya kuchora, ili marekebisho yaingie katika fremu ileile na mtumiaji asione ukubwa wa zamani ukimulika. Mpaka ni kina cha elementi katika mti wa ukurasa. Baada ya kila duru ya taarifa, kivinjari hukokotoa mpangilio upya, kisha huangalia ni elementi ipi kati ya zilizopewa taarifa iliyo juu zaidi mtini. Duru ifuatayo inazihusu zile tu zilizo chini zaidi ya hiyo. Iliyo juu zaidi ikiwa katika ngazi ya nne, duru inayofuata inaanzia ya tano. Kwa kuwa mti una mwisho, duru nazo zina mwisho. Elementi iliyobadilika tena katika ngazi ya nne au juu yake inasubiri fremu ijayo, na kivinjari kinatoa kosa kwamba kuna taarifa ambazo hazijafikishwa.

Kosa hilo limewanyima watu usingizi bure. Mara nyingi ni tangazo la kuahirishwa tu, ingawa zana za majaribio hulichukulia kama msiba. Chati yetu itapepesa, lakini ukurasa hautaganda. Na kupepesa kunatibiwa kwa CSS, kwa kuutengea mwambaa nafasi yake ya kudumu kwa scrollbar-gutter.

Kwenye komponenti, utaratibu ni kuanza kuchunguza elementi inapopachikwa na kuacha inapoondolewa. Orodha ya mamia ya kadi inaweza kutumia mchunguzi mmoja kwa kadi zote. Na anayekuza elementi kwa transform asisubiri taarifa: hiyo hugusa mchoro, si mpangilio.

Tangu Chrome 105 mwaka 2022, CSS inaweza kuuliza yenyewe upana wa kisanduku kinachoibeba elementi, kwa hiyo kadi inayobadilisha safu zake haihitaji tena JavaScript. Chati iliyochorwa kwenye canvas bado inaihitaji, maana CSS haiwezi kuichora upya mistari yake.