Mkandarasi Anaposanifu: Bima, Ahadi na Misingi ya Robin Rigg

Tarehe 3 Agosti 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba MT Højgaard, kampuni ya ujenzi ya Denmark, ndiyo itakayobeba gharama ya kurekebisha misingi ya mitambo ya upepo ya Robin Rigg. Gharama hiyo ilikuwa Yuro milioni 26.25. Kampuni hiyo ilifuata kiwango cha kimataifa kilichotajwa kwenye mkataba, na usanifu wake ulikaguliwa na kupewa cheti. Jaji aliyesikiliza ushahidi tangu mwanzo alikataa hoja kwamba ilisanifu kwa uzembe. Hata hivyo mzigo ukabaki mabegani mwake.

Kila mkandarasi anayechukua kazi ya kusanifu na kujenga angefaa kuisoma kesi hii pamoja na hati yake ya bima ya dhima ya kitaaluma, kwa sababu inaonyesha mahali hasa ambapo bima hiyo huishia. Huishia kwenye ahadi. Bima inalipa makosa ya mtu aliyezembea; mkandarasi, mara nyingi bila kujua, anatia saini mkataba unaomtaka atoe matokeo.

Tuanze baharini. Robin Rigg iko kwenye ghuba ya Solway, kati ya Scotland na England, na mradi ulikuwa wa mitambo 60. Kila mtambo ulisimama juu ya nguzo moja nene ya chuma, yenye kipenyo cha zaidi ya mita 4, iliyopigiliwa kwenye sakafu ya bahari. Juu ya nguzo hiyo kilivikwa kipande kingine cha bomba, kipana zaidi kidogo, ambacho ndicho kilichobeba mnara. Nafasi iliyobaki kati ya vipande hivyo viwili ilijazwa grauti, yaani mchanganyiko wa saruji unaoganda na kuwa mgumu. Hakukuwa na boliti, wala mistari ya chuma iliyochomelewa kuzunguka nguzo ili grauti ipate pa kung'ang'ania. Uzito wote wa mnara na mashine ulishuka kwenye nguzo kwa kutegemea mshiko wa grauti kwenye uso wa chuma.

Kwa mpangilio kama huo, kinachoamua nguvu ya kiungo ni hali ya uso wa chuma wenyewe. Chuma si laini kabisa. Kina vijibonde na vijinundu visivyoonekana kwa macho, na grauti hukwama humo. Kiwango kiitwacho J101, kilichotolewa na shirika la Det Norske Veritas mwaka 2004, kilikuwa na mlinganyo wa kupigia hesabu mshiko huo, na ndani yake thamani ya kuwakilisha vijinundu hivyo. Thamani hiyo ilikuwa na kosa: ilipishana na ukweli kwa takriban mara kumi. Aliyeingiza namba ile kwenye hesabu zake alipata kiungo ambacho kwenye karatasi kilikuwa na nguvu kubwa kuliko kilivyokuwa majini. Wahandisi wa Robin Rigg waliiingiza, kwa sababu mkataba uliwataka wafuate J101, na wakati ule hakuna aliyekuwa na shaka nayo.

Mkataba ulisainiwa Desemba 2006 na kazi ikakamilika Februari 2009. Mwaka huo huo wa 2009 viungo vya aina hii vilionekana kuteleza kwenye mitambo ya Egmond aan Zee, Uholanzi. Det Norske Veritas ikachunguza, ikagundua tatizo, na Septemba 2009 ikaiandikia sekta, MT Højgaard ikiwemo. Aprili 2010 viungo vya Robin Rigg navyo vikaanza kushindwa, na bomba la juu likawa linashuka taratibu kwenye nguzo.

Ubishi wa mahakamani haukuwa kuhusu fizikia. Pande zote zilikubali namba ilikosewa na nani. Ulikuwa kuhusu sentensi moja. Ndani kabisa ya mahitaji ya kiufundi, mbali na masharti makuu ya mkataba, kulikuwa na aya iliyotaka usanifu wa misingi uhakikishe uhai wa miaka 20 katika kila kipengele, bila ubadilishaji uliopangwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Teknolojia na Ujenzi ilisema mkandarasi amevunja ahadi hiyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikapindua: kwa mtazamo wake, ahadi nzito namna ile haiwezi kuning'inizwa kwenye kifungu kilichojificha kwenye kiambatanisho, wakati mkataba wote uliobaki unazungumzia uangalifu na kufuata J101. Mahakama ya Juu, kwa uamuzi ulioandikwa na Lord Neuberger, ikarudisha ushindi kwa mwenye mradi, kampuni ya E.ON. Majaji walisema kwamba mkataba ukiwa na masharti mawili, moja la kufuata kiwango na lingine la kufikia matokeo, hayo hayagongani. Lile kali zaidi ndilo linaloshika. Mahitaji ya kiufundi yenyewe yalieleza kuwa ni ya kiwango cha chini, na kwamba ni wajibu wa mkandarasi kubaini mahali panapohitaji zaidi. Kwa hiyo hata kosa likiwa kwenye kiwango alichoagizwa kukifuata, hatari ni yake.

Binafsi naona Mahakama ya Juu ilisoma maneno kama yalivyoandikwa, na haikuwa na njia nyingine. Kinachoniumiza ni kwamba maneno hayo yaliwekwa mahali ambapo watu wa bima kwa kawaida hawafiki.

Sasa tufungue hati ya bima. Bima ya kawaida ya dhima ya kitaaluma ilitungwa kwa ajili ya msanifu majengo na mhandisi mshauri. Sheria ya Uingereza humtaka mtaalamu wa namna hiyo afanye kazi kwa uangalifu na ustadi ambao mwenzake mwenye sifa kama zake angeuonyesha. Jengo likipasuka, mwenye jengo lazima athibitishe kwamba mtaalamu alifanya jambo ambalo mwenzake asingelifanya, au aliacha jambo ambalo mwenzake asingeliacha. Kampuni ya bima imepiga hesabu ya ada yake juu ya kipimo hicho. Ndiyo maana hati nyingi zina kifungu kinachoondoa dhima ambayo mwenye bima amejitwika kwa mkataba na ambayo asingekuwa nayo kama asingeahidi. Kifungu hicho ni kifupi, na wengi hukipita wakidhani kinahusu adhabu za kuchelewesha kazi. Hati nyingine hutaja waziwazi kwamba hazilipi dhamana ya kazi kufaa kwa matumizi yaliyokusudiwa.

Linganisha hilo na Robin Rigg. Mwenye mradi hakuhitaji kuthibitisha uzembe. Alihitaji kuonyesha tu kwamba usanifu haukuhakikisha miaka 20. Mkandarasi mwenye hati ya kawaida akipelekewa dai kama hilo, utetezi wake bora mbele ya mahakama, kwamba alifanya kila alichopaswa kufanya, ndio unaomnyima fidia mbele ya bima. Akishinda hoja ya uzembe na kushindwa hoja ya ahadi, analipa kwa fedha zake.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mkandarasi kuliko kwa msanifu, kwa sababu msanifu anauza maoni ya kitaalamu na mkandarasi anauza jengo. Sheria imekuwa ikimtazama hivyo kwa muda mrefu. Mnara wa televisheni wa Emley Moor huko Yorkshire, mlingoti wa chuma wenye urefu wa mita 385, ulianguka tarehe 19 Machi 1969 ukiwa umeelemewa na barafu. Kesi yake ilifika Baraza la Malordi na kuamuliwa mwaka 1980. Mkandarasi mkuu, EMI, aliwajibika kwa usanifu uliofanywa na mkandarasi mdogo, BICC, na Lord Scarman akaeleza kwamba anayekubali kusanifu kitu kwa matumizi aliyoelezwa huchukuliwa kuwa ameahidi kitafaa kwa matumizi hayo, isipokuwa mkataba useme vingine. Kumpa mhandisi mshauri kazi ya kuchora hakuhamishi dhima mbele ya mwenye mradi. Kunachompa mkandarasi ni haki ya kumgeukia mshauri huyo, na haki hiyo ina thamani sawa na bima ya mshauri huyo, si zaidi. Mshauri naye, ukiangalia mkataba wake, karibu kila mara ameahidi uangalifu tu. Hapo mkandarasi anakaa katikati: juu yake kuna ahadi ya matokeo, chini yake kuna ahadi ya uangalifu, na pengo baina ya ahadi hizo halina wa kulijaza.

Kuna pengo jingine, na hili hutokea kwenye viwanja vya kawaida, si baharini tu. Fikiria jengo la ghorofa nane. Zege la ghorofa ya tano linamwagwa, na mhandisi kijana anayepitia hesabu anagundua kwamba nguzo za ghorofa ya pili zimepewa nondo pungufu. Hakuna kilichopasuka. Mwenye jengo hajui lolote na hajadai chochote. Lakini nguzo lazima ziongezwe unene, kazi isimame, wapimaji waitwe. Bima ya dhima ya kitaaluma katika umbo lake la zamani hungoja dai kutoka kwa mtu mwingine. Hapa mdai hayupo, kwa kuwa aliyekosea na aliyegundua ni kampuni ileile. Bima ya hatari zote za wakandarasi nayo hungoja kitu kiharibike kwanza, na hata kikiharibika, vifungu vyake vya usanifu mbovu vinatofautiana sana: kimoja kinaondoa kila kitu kilichotokana na kosa la usanifu, kingine kinalipa uharibifu lakini hakilipi gharama ya kuboresha usanifu wenyewe. Kwa mkandarasi anayesanifu, nyongeza ya kulipia gharama za kuzuia hasara kabla dai halijaletwa ni ya lazima. Ikikosekana, bima ya dhima ya kitaaluma imemwacha wazi pale anapofanya jambo la uaminifu kuliko yote, yaani kusimamisha kazi na kurekebisha kosa lake kabla halijaua mtu.

Kuhusu ufundi mbaya, maelezo ni mafupi: bima ya dhima ya kitaaluma hailipi. Ndoo ya maji iliyozidishwa kwenye zege si kosa la kitaaluma. Shida huja pale nyufa zinapotokana na mchoro na mchanganyiko kwa pamoja, na mkaguzi wa hasara akaanza kugawanya asilimia. Mwenye kumbukumbu za vipimo vya zege na maelekezo yaliyoandikwa hupona hapo.

Suala la muda linataka umakini zaidi. Bima hii huangalia mwaka ambao dai limeletwa, si mwaka mchoro ulipochorwa. Ukiangalia tarehe za Robin Rigg, mkataba ni wa 2006, kiungo kilianza kuteleza 2010, na hukumu ya mwisho ni ya 2017. Aliyefunga bima yake baada ya kukabidhi kazi hana bima, hata kama alilipa ada kwa uaminifu miaka yote ya ujenzi. Ile barua ya Septemba 2009 inafundisha jambo jingine. Hati nyingi humtaka mwenye bima atoe taarifa mara tu anapojua hali inayoweza kuzaa dai, hata kama hakuna aliyelalamika bado. Barua ya onyo kutoka kwa mtunga kiwango ni hali ya namna hiyo. Ikitolewa taarifa kwa wakati, dai litakalokuja baadaye hushikamana na hati ya mwaka ule. Ikikaliwa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa. Pia masharti ya mwaka mpya yanaweza kuwa mabaya kuliko ya mwaka uliopita. Baada ya moto wa Grenfell Tower jijini London, Juni 2017, uliowaua watu 72, kampuni za bima za Uingereza zilianza kuondoa usalama wa moto na vifuniko vya kuta kwenye hati zao, na wakandarasi wakajikuta wana majengo ya zamani yasiyo na kinga mpya.

Haya yanatugusa Afrika Mashariki kwa njia ya mikataba ya FIDIC, yaani mikataba ya kielelezo ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambayo hutumika kwenye miradi mikubwa, hasa inayofadhiliwa na benki za maendeleo. Kitabu chake cha Njano cha mwaka 1999, kinachohusu kazi ambazo mkandarasi anasanifu, katika kifungu cha 4.1, kinasema kazi ikikamilika ifae kwa matumizi yaliyokusudiwa kama mkataba ulivyoyaeleza. Yaani ahadi ya Robin Rigg imo humo tangu ukurasa wa masharti makuu. Toleo la 2017 linamtaka mkandarasi anayesanifu awe na bima ya dhima ya kitaaluma, kifungu cha 19.2.3, na linaruhusu mwenye mradi adai bima hiyo ilipe pia pale kazi isipofaa kwa matumizi yake. Sharti hilo la mwisho linahusu tu mkataba uliolitaja, na bima ya kulitimiza ni ngumu kuipata na ni ghali. Hukumu za London haziwafungi majaji wa Nairobi wala Dar es Salaam, ila mawakili wetu huzitaja na majaji wetu huzisoma.

Njia ya kupunguza hatari ipo, nayo ni ya kuandikwa. Mkataba wa Uingereza wa JCT wa kusanifu na kujenga humpa mkandarasi dhima ya usanifu sawa na ile ya msanifu wa kitaaluma, basi. Mkandarasi anaweza kuomba kifungu cha namna hiyo, kiseme kwamba licha ya neno lolote jingine ndani ya mkataba au viambatanisho vyake, wajibu wake katika usanifu ni uangalifu na ustadi. Maneno kuhusu viambatanisho ndiyo yenye kazi. Bila hayo, aya moja ya miaka 20 itarudisha kila kitu mlipoanzia. Mwenye mradi akikataa, na ana haki ya kukataa, basi bei ya zabuni ibebe hatari hiyo.

Ndugu mkandarasi, kama una zabuni ya kusanifu na kujenga mezani, usimpelekee dalali wako wa bima masharti makuu peke yake. Mpe mahitaji ya kiufundi yote na viambatanisho vyote, mtake akujibu kwa maandishi ni ahadi zipi humo ambazo hati yako hailipi, na upate jibu hilo kabla ya kutia saini.