Maneno ya UKIMWI na Makosa ya Fikra

Wako wadhanio ya kuwa dhana potofu juu ya maradhi hutokana na uhaba wa elimu ya sayansi peke yake. Kauli hii ina ukweli, walakini haitoshi. Baadhi ya dhana hizo hukaa ndani ya maneno yenyewe, na msemaji huzirithi pamoja na lugha. Yafaa basi tuyapime maneno machache yahusuyo UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983.

Huko Kagera watu waliuita Juliana, jina lililokuwa la nguo fulani za biashara ya mpakani. Kwa jina hilo maradhi yalifungamanishwa na wachuuzi na mali zao, na ikawa rahisi kusadiki ya kuwa wafu walirogwa na waliodhulumiwa katika biashara.

Jina UKIMWI lilileta nafuu kubwa, kwani laeleza badala ya kushutumu. Lakini lafasiriwa kwa njia mbili: wengine husema upungufu wa kinga mwilini, wengine ukosefu. Herufi hazibadiliki, maana yabadilika. Kilichokosekana hakipo kabisa. Kilichopungua chaweza kuongezeka. Na ndivyo ilivyo, kwa maana dawa za kufubaza virusi huiwezesha kinga kupanda tena. Hapana shaka upungufu ndilo neno la haki.

Kosa kubwa zaidi ni kuliita chanzo kwa jina la tokeo. Twasikia kila siku "amepima UKIMWI" na "ana UKIMWI", hali kipimo chatafuta dalili za virusi katika damu, na mwenye virusi aweza kukaa miaka mingi, pengine kumi, bila dawa na bila kuugua. Akitumia dawa barabara, huenda asifikie UKIMWI maishani mwake; na virusi vikipungua hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Sentensi fupi "ana UKIMWI" yayafuta yote hayo. Hata ufupisho VVU haukuponyoka, kwa kuwa virusi vya UKIMWI vimebeba jina la ugonjwa wenyewe.

Lugha ya mitaani nayo ina mifano yake. Asemaye mtu "amekanyaga miwaya" achora kifo cha ghafula kwa mguso mmoja, na asikiaye aogopa hata kupeana mikono. Asemaye "mdudu" ataka kusema kijidudu kisichoonekana, lakini neno lilo hilo ni la mbu pia. Si ajabu wengine wakadhani mbu huambukiza VVU, jambo lisilo kweli.

Itasemwa ya kuwa lugha ni ya wasemaji, wala haitawaliwi kwa amri. Ni kweli. Lakini mwalimu, mwandishi wa habari na mtunga kamusi huchagua maneno yao kwa hiari, na wasemaji huyaokota kwao. Waandike "amepima VVU" na "anaishi na VVU", na neno UKIMWI waliwekee hatua ya ugonjwa peke yake. Mtu aliyekwisha kuhukumiwa na sentensi, kabla hajafika kwa mganga, ana sababu ndogo ya kwenda kupimwa.