Ngoma, Kinanda na Neno: Kipimo cha Uimbaji wa Misa

Ubishi juu ya nyimbo za Misa ni wa siku nyingi maparokiani. Mmoja hudai kwamba ngoma huondoa uchaji. Mwingine hujibu kwamba kinanda ni ugeni mtupu. Wote wawili huhukumu chombo, wakalisahau neno.

Papa Pius wa Kumi, mwaka 1903, alitaja sifa tatu za muziki wa ibada: utakatifu, ubora wa sanaa, na kuwafaa watu wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1963 juu ya Liturujia, uliuwekea wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza, na papo hapo ukaagiza muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Ulifundisha pia kwamba muziki huzidi kuwa mtakatifu kadiri unavyoshikamana na tendo la ibada. Hapo ndipo penye kipimo.

Tuitazame Missa Luba, iliyoimbwa Kamina, Katanga, mwaka 1958, na kwaya ya Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Maneno yake ni ya Kilatini. Mahadhi na ngoma ni vya Kikongo. Kyrie yake imefuata kasala, mtindo wa maombolezo ya Waluba. Uteuzi huo una hekima: ombi la huruma limepewa sauti ya mfiwa. Ngoma haikupunguza uchaji, bali iliutumikia. Mwaka 1968, Sanctus yake ilipotiwa katika filamu ya Uingereza iitwayo If...., sauti zilikuwa zile zile, lakini altare haikuwapo tena. Upungufu wake ni mmoja: muumini asiyejua Kilatini aliguswa na sauti asielewe tamko.

Kiswahili kimeliondoa pazia hilo, kikaleta wajibu. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiazima tuni ya Ulaya, pigo zito likaangukia mwisho wa "Bwana", amelivunja neno. "Utuhurumie" ina silabi sita. Ikibanwa katika noti nne hutoka imesagika. Mwalimu gani asiyejua kwamba barabara ya kupita na barabara ya usawasawa hutengwa na mkazo tu?

Itasemwa kwamba Mungu husikiliza moyo, si mkazo. Ni kweli. Lakini wimbo wa Misa ni sala ya jamii nzima, na jamii haiwezi kuitikia Amina kwa neno isilolisikia. Mtume Paulo alikwisha kuwaonya Wakorintho juu ya jambo hilo.

Basi, walimu wenzangu mlio katika kwaya, kabla ya mazoezi yasomeni maneno kwa sauti, bila tuni. Panapokwaza ulimi, patengenezwe. Baada ya hapo ipigwe ngoma au kinanda: vyote viwili vitakuwa vimepata cha kutumikia.