Mshumaa Chini ya Glasi: Jinsi ya Kupima Nyenzo za Bure za Sayansi

Kuna jaribio ambalo karibu kila mwenye kamera amelirekodi na kuliweka mtandaoni: mshumaa unawashwa katikati ya sahani yenye maji, glasi inafunikwa juu yake, moto unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Mwalimu anayetafuta nyenzo za bure za kufundishia sayansi aanze hapo, kwa sababu maelezo ya jaribio hilo yanamtambulisha mtengenezaji upesi. Akisema maji yamepanda kujaza nafasi ya oksijeni iliyoteketea, tena akaongeza kwamba ndiyo maana yamefika moja ya tano ya glasi, achana naye.

Hebu itazame video yenyewe. Mshumaa ukiwa bado unawaka vizuri, maji hayapandi sana. Yanapanda kwa kasi pale moto unapofifia na kuzimika. Kama oksijeni inayotumika ndiyo ingekuwa sababu kuu, yangepanda polepole tangu mwanzo. Moto huipasha hewa joto, hewa hutanuka, na sehemu yake hutoroka. Mara nyingine utaona viputo kwenye ukingo wa glasi. Moto ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, na kanieneo ya hewa ya nje huyasukuma maji ndani. Weka mishumaa mitatu badala ya mmoja na maji yatapanda zaidi, ingawa oksijeni iliyomo kwenye glasi ni ile ile. Video inayofika kwenye mishumaa mitatu ni ya kuhifadhi, hata kama picha zake zina giza na sauti ya jogoo inasikika nyuma.

Michoro nayo ina mitego yake. Mchoro wa majira ya mwaka ukionyesha njia ya Dunia kama yai lililorefuka, mwanafunzi ataamini kwamba joto huja Dunia inapolikaribia Jua. Kwa kweli tunakuwa karibu zaidi na Jua mapema Januari, kilomita milioni 147 hivi, wakati Ulaya inatetemeka kwa baridi. Julai umbali unafika milioni 152. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba njia ikichorwa kwa vipimo vya kweli, jicho litaona duara tu. Mwezi mwandamo vilevile: michoro mingi ya kaskazini huusimamisha wima, na huku kwetu karibu na ikweta watoto wanauona jioni umelala kama mtumbwi. Sikatai mchoro kwa hilo, mradi maelezo yaseme umechorwa ukitazamwa kutoka wapi.

Kwa maigizo ya kompyuta, kipimo changu ni kimoja: je, mwanafunzi anaruhusiwa kukosea? Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2001, unafaulu hapa kuliko mingi niijuayo. Katika igizo lake la saketi, mtoto akiunganisha waya kutoka ncha moja ya betri hadi ya pili bila balbu wala kikinza, betri inashika moto kwenye skrini. Hakuna maandishi mekundu ya kumkaripia. Anatazama mkondo ulivyokwenda mbio, anakata waya, anajaribu tena. Maigizo mengi yapo kwa Kiswahili pia. Ila usiyafanye mbadala wa mazoezi ya vitendo. Betri ya kwenye skrini haichoki, na waya wake hauna kutu. Mtihani wa vitendo utamkuta mwanafunzi na vya kweli.

Video nazo, wengi hupenda inayomaliza somo zima. Mimi napenda inayonyamaza. MIT BLOSSOMS ina masomo ya video yaliyokatwa vipande vifupi: mtangazaji anauliza swali, video inasimama, mwalimu anaendesha kazi darasani, kisha wanaendelea. Aliyeitengeneza alijua kuna mwalimu chumbani.

Maelekezo ya maabara yapime kwa kuangalia kama yanaeleza sababu. Yapo yanayodai kabichi nyekundu kwa ajili ya kupima asidi na besi, basi. Usipoipata sokoni, somo limekufa. Mwongozo bora hutaja kwamba kazi inafanywa na rangi ya anthosianini, na hapo mwalimu anakumbuka rozela. Chemsha maua yake makavu, chuja, gawa kwenye vikombe: ukitia limau wekundu unakolea, ukitia maji ya majivu unageuka kuelekea kijani.

Kuhusu vitabu sina mengi. Siyavula ya Afrika Kusini ina vitabu vya sayansi vinavyokaribia ngazi ya sekondari zetu. Vile vya OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice vingi ni vya ngazi ya chuo, vinamfaa mwalimu zaidi ya mwanafunzi. Kwa mtaala wa Tanzania, nenda Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu badala ya kutegemea nakala zinazozunguka kwenye magurupu ya WhatsApp, ambazo nyingi ni za mtaala uliopita.

Halafu soma leseni, kazi ambayo watu huiruka. Kuna bure ya kutazama na bure ya kunakili. Katika leseni za Creative Commons, alama BY inadai umtaje mwenye kazi, NC inakataza biashara, na ND inakuzuia kusambaza nakala uliyoibadilisha, tafsiri ikiwemo. Kwa shule inayotaka kutoa karatasi kwa Kiswahili, ND haifai hata kama kazi ni nzuri kiasi gani.

Mwisho ni faili lenyewe. Lipakue, zima data, lifungue upya. Maigizo mapya ya PhET yanafunguka hivyo kwenye kivinjari cha kawaida. Ukikutana na orodha ya nyenzo ambayo majina ya mafaili yake yanaishia na swf, hizo ni za Flash, ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Okoa bando lako.