Uzima si Nguvu: Uhakiki wa Istilahi "Nguvu ya Uhai"

Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alichapisha kwa Kifaransa kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba kwa Mbantu, kuwako ni kuwa na nguvu. Dhana hiyo inapoletwa katika Kiswahili, huelekea kutafsiriwa "nguvu ya uhai". Makala haya yanahoji kwamba tafsiri hiyo hufunika tofauti ambayo Kiswahili chenyewe kimeihifadhi.

Uhai, neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja hali ya kutokufa: ama upo, ama haupo. Uzima ni neno la Kibantu lenye upana zaidi. Laweza kumaanisha uhai, lakini mzizi wake, -zima, hubeba pia maana ya afya na ukamilifu: mwaka mzima, kijiji kizima, chungu kizima kisicho na ufa. Mgonjwa mahututi ana uhai, ila hatusemi kuwa ni mzima.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika kauli "mtu mzima". Mzee aliyeishiwa na nguvu za mwili bado huitwa hivyo, tena kwa heshima. Lau uzima ungekuwa nguvu, angelipoteza jina hilo kadiri anavyodhoofika.

Hata hivyo, msamiati pekee hauthibitishi falsafa ya wasemaji wote. Tahadhari hiyo inamhusu hata Alexis Kagame, ambaye mwaka 1956 alijenga uchambuzi wake wa kuwako juu ya sarufi ya Kinyarwanda. Dai letu ni dogo zaidi: ni la istilahi na matokeo yake.

Matokeo hayo si madogo. Aimé Césaire, katika insha yake kuhusu ukoloni ya mwaka 1950, aliikejeli sifa ambayo Tempels aliimwagia falsafa hiyo ilhali Waafrika walihitaji mishahara, makazi na chakula. Nguvu ni kitu anachoweza kukihesabu mwajiri; uzima haukadiriki kwa kipimo hicho.

Kwa hiyo tunapendekeza uhai, nguvu na uzima vitenganishwe katika kamusi na katika hojaji za afya. Anayemuuliza mzee kama ana nguvu, na anayemuuliza kama ni mzima, hawaulizi swali moja. Na sera itakayojengwa juu ya jibu la kwanza pekee itamsahau mzee huyo.