Kiswahili masikioni mwa wasioona: mashine isibebe lawama peke yake

Kila Julai 7, tangu UNESCO iiteue tarehe hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hatukosi kuambiwa kwamba lugha yetu imeingia katika ulimwengu wa kidijitali. Ni kweli, imeingia. Lakini je, anayeitumia kwa masikio anaipata jinsi anavyoipata anayeitumia kwa macho?

Watumiaji wa kompyuta na simu wasioona, au wanaoona kwa shida, hutegemea kisoma-skrini, yaani programu inayotwaa maandishi na kuyatamka. JAWS, ambayo hulipiwa, ilianza mwaka 1989. NVDA, ambayo hutolewa bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Simu za Android nazo zina TalkBack. Programu hizi huazima sauti kutoka kwa programu nyingine za matamshi, na sauti za Kiswahili zipo. eSpeak, inayokuja pamoja na NVDA, inayo, ijapokuwa inakwaruza kama roboti. Google wanayo. Microsoft wametengeneza Zuri na Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, Rehema na Daudi kwa cha Tanzania.

Basi tatizo liko wapi? Sehemu kubwa liko katika maandishi yetu sisi wenyewe.

Ukurasa wa intaneti hubeba alama iliyofichika inayoiarifu mashine lugha iliyotumika. Mtengenezaji asipoiweka, au akiiacha ile ya Kiingereza aliyoikuta, kisoma-skrini huweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Hebu sikiliza: "pole" inakuwa "poul", "wake" inakuwa "weik", na "mate" ya kinywani yanageuka "meit". "Nane" nayo inatoka "nein". Anayeona hupitia ukurasa huohuo bila kushuku lolote.

Ukicheka, cheka kidogo tu, maana Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazoirahisishia mashine kazi. Irabu zetu ni 5 na kila moja ina sauti yake. Mkazo aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno yanayosumbua, kama "barabara" ya kupitia magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa, ni machache. Tahajia sanifu, iliyoanza kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, ingetosha kuiongoza mashine vizuri kabisa. Sisi ndio tunaoivuruga. Anayeandika "xaxa" badala ya "sasa", au "cjui" badala ya "sijui", anaona mtindo. Mwenzake asiyeona anasikia kelele. "Ng'ombe" akinyimwa ritifaa yake, mashine humtamka kwa "ng" ya "ngoma". Walimu wetu waliposisitiza ritifaa tuliona wanatusumbua bure.

Wapo watakaosema dawa ni moja: kila mtu aandike Kiswahili sanifu, yaishe. Hapo sikubaliani nao kikamilifu. Twende Kawangware 56, mahali palipochukua jina la namba ya matatu. Sauti ya Kiswahili italisoma jina hilo "Kawangware hamsini na sita". Kisarufi haina kosa, ila ukimtajia kondakta hivyo atakutazama mara mbili, kwa sababu yeye huita "fifti-siksi". Huko ujumbe wa kawaida wa simu huweza kusema, "Niaje, umetuma doo ya rent?" Sauti ya Kiswahili itajikwaa kwenye "rent"; ya Kiingereza itafanya "doo" kuwa "duu". Msikilizaji afanyeje, abadilishe sauti mara mbili katika sentensi moja? Kumwambia mtu asiyeona kwamba majirani zake waache kuzungumza wanavyozungumza ndipo simu yake imwelewe ni kumtwisha mzigo usio wake. Wanaotengeneza sauti hizi wasikilize pia Kiswahili cha stejini na sokoni, Kibera na Kawangware, tena wakiwashirikisha watumiaji wasioona tangu mwanzo.

Lipo jingine ambalo halihitaji utaalamu wowote. Tangazo la basari au la kazi hupigwa picha, likasambazwa kwenye WhatsApp. Kwa kisoma-skrini, picha ni picha tu. Zipo programu zinazojaribu kutambua maandishi yaliyo ndani yake, lakini karatasi ikiwa imekunjamana na mwanga ni hafifu, zinabahatisha. Mzazi asiyeona hujua tangazo limefika, asijue tarehe ya mwisho ni lini. Mpaka ampate wa kumsomea, huenda nafasi imeshapita. Kuandika maneno yaleyale chini ya picha huchukua dakika mbili.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu hichohicho kinaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Wapenzi wa lugha tunapenda kunukuu ile sehemu ya kwanza. Ya pili tunawaachia wengine, utadhani wasioona wana Kiswahili chao mbali na chetu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika hili, naona inabidi aambiwe. Kabla hujatuma tangazo lako linalofuata la Kiswahili, washa TalkBack, fumba macho, kisha ulisikilize mpaka mwisho.