Zimwi Likujualo: Undugu wa Kulazimishwa katika Kisa cha Mlima Natagumo na katika Maisha ya Tippu Tip

Zimwi la ngano za Waswahili hula watu, kisha huuawa. Ni nadra msimulizi kuuliza lilitoka wapi. Mfululizo wa Kijapani uitwao Kimetsu no Yaiba, uliotungwa na kuchorwa na Koyoharu Gotouge na kutolewa katika jarida la Weekly Shonen Jump tangu 2016 hadi 2020, unakwenda kinyume cha desturi hiyo. Mazimwi yake, ambayo Wajapani huyaita oni, yalikuwa binadamu kabla ya kutiwa damu ya Muzan Kibutsuji, na mwindaji huyakata vichwa hali akilijua jambo hilo. Sehemu inayolidhihirisha zaidi ni kisa cha Mlima Natagumo. Kwa msomaji wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema, kisa hicho kinagusa jambo la karibu sana: undugu uliotungwa ili kutawala.

Rui, zimwi mkuu wa mlima huo, alikuwa mtoto mgonjwa asiyeweza kutembea vizuri. Muzan alimpa nguvu, naye akaanza kula watu. Wazazi wake walipojaribu kumwua aliwaua wao. Ndipo alipotambua, kwa kuchelewa, kwamba walikusudia kufa pamoja naye. Tangu hapo anajitengenezea jamaa. Huwakusanya mazimwi wanyonge wanaotafuta ulinzi, akawagawia sehemu ya nguvu zake, akawabadili sura wafanane naye, akampa kila mmoja cheo: baba, mama, kaka, dada. Asiyeutimiza wajibu wake huadhibiwa. Nyuzi za buibui, ambazo ni silaha ya jamaa hiyo, ni ishara iliyo wazi, pengine wazi mno. Lakini hakuna uwazi wa kuchosha katika kifo cha yule “mama”. Anapomwona Tanjiro akimjia na upanga, anainyosha shingo yake mwenyewe, kwani kwake kufa ni kupumzika. Tanjiro anabadili pigo katikati ya hewa ili lisimwumize.

Sasa msomaji na aifungue Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyochapishwa kwanza na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20 na baadaye kufasiriwa kwa Kiingereza na W. H. Whiteley. Katikati ya miaka ya 1870, kabla ya kuufanya mji wa Kasongo kuwa makao yake, Tippu Tip aliingia Utetera, magharibi ya mto Lualaba. Mtawala wa huko aliitwa Kasongo Rushie (asichanganywe na mji). Zamani dada yake alitekwa na watu wa Urua, asirudi. Tippu Tip alikwisha kuzipata habari hizo kabla ya kufika, naye akajitambulisha kuwa amezaliwa katika kizazi cha mwanamke yule, kwa babu yake Mwarabu aliyepata kusafiri Urua. Mzee aliamini, akamwachia utawala na pembe za ndovu.

Fani ya masimulizi haya ni ya kupendeza: sentensi fupi, mazungumzo mengi, mambo yakifuatana mbiombio kama ya mtu anayesimulia barazani. Hapo ndipo penye hatari yake. Msomaji hufurahia werevu wa msimulizi hata akasahau kuuliza juu ya mwanamke aliyetekwa. Machozi ya kaka yake yamegeuzwa ufunguo wa mlango, na mwenyewe hasemi neno lolote. Rui alitumia nyuzi. Tippu Tip alitumia nasaba, bunduki zikiwa nyuma yake.

Tofauti ya watunzi hawa wawili imo katika mwisho wa Rui. Baada ya kukatwa kichwa, mwili wake unamwelekea Tanjiro ukiyeyuka, naye anaweka mkono juu yake. Giyu Tomioka anapolikanyaga vazi lililobaki, Tanjiro anamtaka auondoe mguu: atawaua mazimwi bila kusita, lakini hatawakanyaga waliojutia, kwani walikuwa watu kama yeye. Maisha haina mahali popote pa kuondoa mguu namna hiyo. Hata hivyo Gotouge naye hastahili sifa zote. Huruma yake humfikia zimwi akiwa anakata roho, na wawindaji wengi waliovunjwa kwa nyuzi mlimani hufa bila ya kupewa kisa chao. Walioliwa hubaki idadi tu. Ndivyo walivyobaki pia wanavijiji wengi wa njia ya Kabambare katika maandishi ya karne ya 19. Hata mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871 yanajulikana zaidi kwa kalamu ya Livingstone, mgeni aliyekuwa ametoka kuugua miezi mingi Kabambare.

Ulinganisho huu una mpaka. Jamaa ya Rui iliteketea pamoja naye. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa jemadari wa Tippu Tip, aliikata nyuzi mwaka 1892 akajiunga na Wabelgiji, nao wakamwua Septemba 1893. Lakini Wangwana, yaani wale waliochukua mavazi, dini na lugha ya mabwana zao, hawakutoweka. Tippu Tip aliondoka kwenda Unguja mwaka 1890 asirudi tena. Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare Januari iliyofuata. Mabwana waliondoka, na Kiswahili kikabaki nyumbani, sokoni na msikitini. “Zimwi likujualo halikuli likakwisha,” husema Waswahili, na methali hiyo kwa kawaida husomwa kama faraja ya mnyonge. Huko Maniema inaweza kusomwa kutoka upande wa pili: mnyonge naye alimjua zimwi, akabaki na ulimi wake. Kwa ulimi huohuo dada yake Kasongo Rushie angeweza kusimuliwa upya, na kisa chake bado hakina mtunzi.